Jinsi ya Kuutafiti Uchawi Bila Kupotea Katikati ya Taaluma

Mwanafunzi anayemweleza msimamizi wake kwamba anataka kuandika tasnifu kuhusu uchawi huulizwa kwanza kama anaiandikia idara ya historia, ya sosholojia, ya sheria au ya afya ya jamii, na mara nyingi hapo ndipo anapokwama, kwa sababu vitabu alivyovisoma vimetoka katika idara hizo zote na kila kimoja kinaonekana kuzungumzia jambo jingine. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtafiti wa namna hiyo. Ninapendekeza auache kando uchawi kwa ujumla wake, ambao hauna mwanzo wala mwisho, na ashike tuhuma: mtu fulani, siku fulani, alitamka mbele ya watu fulani kwamba ugonjwa huu au kifo hiki kimeletwa na jirani yake au mama mkwe wake. Tuhuma ni tukio. Ina tarehe na mahali, ina waliosema na waliosikia, na mara nyingi imeacha jalada la polisi, hukumu, au familia iliyohama kijiji. Hakuna taaluma yenye kipimo cha uchawi wenyewe, lakini tuhuma moja inaweza kupita mikononi mwa taaluma zote, na kila moja ikaiuliza swali lake.

Kwanza tenganisha maswali mawili

Hata kama idara yako si ya anthropolojia, anzia huko, maana ndiko maswali yalikochambuliwa mapema zaidi. E. E. Evans-Pritchard alifanya utafiti miongoni mwa Wazande wa kusini mwa Sudan kuanzia mwaka 1926, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 alieleza habari ya ghala la nafaka. Ghala hujengwa juu ya nguzo, na watu hukaa chini yake mchana kukwepa jua. Siku moja nguzo zinakatika, ghala linaanguka na kuwaumiza waliokaa. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, wala hahitaji kufundishwa hilo na mgeni. Anachouliza ni kwa nini ghala hili lianguke saa hii, watu hawa wakiwa chini yake, na jibu la swali hilo kwake ni uchawi.

Mtafiti anayeanza afanye zoezi hili kabla ya kusoma zaidi. Achukue taarifa yoyote ya tuhuma aliyonayo, iwe ya gazetini au ya mahojiano, agawe ukurasa wa daftari katika safu mbili, na aandike upande mmoja kila sentensi inayoeleza jinsi madhara yalivyotokea, na upande wa pili kila sentensi inayoeleza kwa nini yalimpata huyu na si mwingine. Ataona kwamba safu ya kwanza imejaa malaria, ajali ya bodaboda, nyoka na ukame, na safu ya pili imejaa ugomvi wa shamba, mahari isiyokwisha na salamu isiyoitikiwa. Wanafunzi wengi hudhani kwamba anayemtuhumu jirani yake hajui habari ya mbu, kisha wakatumia sura nzima ya tasnifu kuthibitisha jambo ambalo mtuhumu mwenyewe angelikubali bila mabishano.

Baada ya hapo angalia maudhui ya tuhuma, yaani mchawi anasemekana kutaka nini. Monica Wilson alilinganisha mwaka 1951 jamii mbili alizozifahamu kwa karibu, Wanyakyusa wa Tanganyika na Wapondo wa Afrika Kusini. Kwa Wanyakyusa, ambao waliishi katika vijiji vya watu wa rika moja, mchawi alikuwa jirani mwenye uchu wa nyama na maziwa ya watu, na nguvu yake ilisemwa kuwa ni chatu aliyemo tumboni. Kwa Wapondo, walioishi kwa koo zenye miiko mikali ya nani asioane na nani, hadithi za uchawi zilijaa tamaa za kimwili na viumbe vya usiku waliomtembelea mwanamke au mwanamume kitandani. Wilson alisema kwamba kila jamii huuvisha uchawi sura ya jambo linaloisumbua zaidi. Mtu anaweza kupinga maelezo yake, na wengi wamefanya hivyo, lakini namna yake ya kuuliza bado inafaa: ukisikia kwamba mchawi wa kijiji hiki anaiba nguvu kazi na kuwalimisha wafu mashambani usiku, uliza habari za kazi na vibarua wa kijiji hicho kabla ya kuuliza habari za wafu.

Jambo la tatu la kuchukua kwa wanaanthropolojia ni kuangalia vifaa. Audrey Richards aliandika mwaka 1935 kuhusu vijana waliopita vijijini huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakitafuta wachawi na kuuza dawa ya kuwaponya. Watu walipangwa mistari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mtafutaji, naye akawatazama kupitia kioo kidogo cha mviringo alichokishika mkononi. Kioo kilinunuliwa dukani. Vijana wenyewe walivaa mavazi ya kisasa, na dawa yao iliuzwa kwa bei maalumu. Nimeligusia hili kwa sababu watu wa Kigoma na Rukwa wanawajua kamchape, ambao jina na kazi yao vinahusiana na wale vijana wa Richards, na mtafiti akisikia kwamba hiyo ni mila ya kale ya mababu anapaswa kukumbuka kile kioo na kuuliza kila kifaa kimetoka wapi, lini, na kwa bei gani.

Historia: karatasi zilizoandikwa na aliyetoa hukumu

Wanahistoria wa Ulaya wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa kwa hukumu za uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18. Wengi wao walikuwa wanawake, ingawa Iceland, Urusi na Normandy wanaume ndio waliokuwa wengi, na mwandishi anayeeleza mauaji hayo kwa chuki dhidi ya wanawake peke yake hana budi kutoa maelezo kuhusu Iceland. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kinachovutia zaidi ni jinsi taaluma zilivyoazimana. Alan Macfarlane alipochambua majalada ya wilaya ya Essex nchini Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1970, na Keith Thomas alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka uliofuata, wote wawili walitumia maswali yaliyotokana na tafiti za Kiafrika. Walikuta kwamba mara nyingi mtuhumu alikuwa amemnyima jirani maskini maziwa au msaada mdogo, mwombaji akaondoka akinung'unika, kisha mtoto akaugua au ng'ombe akafa. Aliyenyima ndiye aliyemtuhumu aliyenyimwa. Mpangilio huo ukiukuta katika mahojiano yako, usikimbilie kuandika kwamba Usukuma ni kama Essex ya zamani. Andika kwamba umepata mpangilio uliokwisha kuonwa, kisha tafuta pale unapotofautiana.

Historia inafundisha pia tahadhari dhidi ya jibu moja. Mwaka 1692 mji wa Salem, katika koloni la Massachusetts, uliwanyonga watu 19 na kumuua mzee mmoja kwa kumlundikia mawe. Mwaka 1976 Linnda Caporael alipendekeza katika jarida la Science kwamba wasichana waliopatwa na mitukutiko huenda walikula nafaka yenye kuvu ya sumu. Mwaka huohuo watafiti wengine walimjibu katika jarida hilohilo kwamba dalili zilizoandikwa hazilingani na sumu hiyo. Hata kama zingelingana, kuvu haiwezi kueleza kwa nini jirani huyu alitajwa na yule hakutajwa, wala kwa nini mahakama ilikubali ushahidi wa njozi, yaani madai kwamba sura ya mtuhumiwa ilimtokea mtu na kumtesa.

Kwa upande wetu, karatasi zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Idara ya Nyaraka jijini Dar es Salaam inahifadhi majalada ya serikali ya kikoloni na Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za mila, watemi (watawala wa jadi) na kesi. Nyaraka za Taifa za Kenya zipo Nairobi. Unapoyafungua majalada hayo, usitafute chini ya neno uchawi tu; tafuta pia katika barua za amani na utulivu, uhamisho wa watu, vifo vya ghafla, na malalamiko dhidi ya machifu. Halafu jiulize kila mara nani ameandika. Mwaka 1932 mahakama nchini Kenya iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumuua mwanamke waliyedai ni mchawi, na adhabu hiyo ikabadilishwa baadaye. Katherine Luongo ameichambua kesi hiyo kwa kina, na anayesoma jalada la namna hiyo huona kwamba washtakiwa na hakimu hawakuzungumzia kosa moja. Wao walisema wametekeleza hukumu ya jamii, naye akaandika kwamba wameua.

Sheria: soma hukumu, usiishie kwenye kifungu

Tanganyika ilitunga sheria yake ya uchawi mwaka 1928, Kenya mwaka 1925 na Uganda mwaka 1957. Mwanafunzi wa sheria hunukuu vifungu, akasema kwamba sheria haiamini uchawi, akaishia hapo. Afadhali afungue hukumu. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza shauri la Fabiano Kinene kutoka Uganda. Marehemu alikutwa usiku akitambaa uchi uani mwa nyumba ya watu, na waliomkuta, Kinene na wenzake, wakiamini kwamba wamemfumania mchawi kazini, walimuua. Mahakama ilikubali kwamba tendo aliloonwa akilifanya liliwakasirisha ghafla, na kosa likashuka kuwa kuua bila kukusudia. Miaka kumi baadaye, katika shauri la Eria Galikuwa, mahakama hiyohiyo iliweka mipaka: hofu ya uchawi peke yake, bila tendo la papo hapo la kumkasirisha mshtakiwa, haipunguzi kosa.

Ukizisoma hukumu hizo mbili pamoja unaona swali ambalo sheria inaliuliza. Haiulizi kama uchawi upo. Inauliza mtu wa kawaida wa jamii hiyo angefanya nini, na kwa haraka gani. Hilo ni swali la kianthropolojia lililovaa joho la jaji, na mashahidi walioitwa kulijibu ni hazina kwa mtafiti wa taaluma yoyote. Hukumu nyingi za Tanzania na Kenya sasa zinapatikana bure mtandaoni. Andaa orodha yako kwa mwaka, mahali, uhusiano kati ya mtuhumu na mtuhumiwa, na muda uliopita kati ya msiba na tuhuma. Safu hiyo ya mwisho wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha kama palikuwa na mganga katikati.

Uchumi: pale hesabu zinapofika, na pale zinapokoma

Edward Miguel, mchumi wa Marekani, alichapisha mwaka 2005 utafiti kuhusu mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi wilayani Meatu, ambayo wakati ule ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na sasa ipo Simiyu. Alikusanya kumbukumbu za vijiji 67, akazilinganisha na mvua. Katika miaka ya mvua iliyopita kiasi, yaani ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu zao. Miguel alieleza kwamba kaya iliyobanwa na njaa hujipunguzia mzigo wa mtu asiyezalisha, akajadili pensheni kwa wazee kama kinga.

Ni utafiti wa kupendeza, na hushawishi haraka mno. Uusome sambamba na kazi za Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye aliyatazama mauaji ya Usukuma kwa jicho la historia na siasa: sheria ya kikoloni iliyowanyang'anya watemi uwezo wa kusikiliza mashauri ya uchawi na kumhamisha mtuhumiwa, kufutwa kwa utemi baada ya uhuru, na kuhamishwa kwa watu wakati wa Operesheni Vijiji, hali iliyowaweka karibu majirani ambao awali walitenganishwa na mashamba. Mvua inaeleza kwa nini mauaji yanaongezeka mwaka huu kuliko mwaka jana. Haielezi kwa nini njaa kama hiyo, mahali pengine Tanzania, humfanya mzee apelekwe kwa mtoto wake mjini badala ya kuuawa, wala kwa nini kigezo kiwe macho mekundu, ambayo bibi aliyepika miaka mingi kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe hawezi kuyakwepa. Mtafiti mzuri huweka tafiti hizi mbili mezani kwa pamoja na kutamka wazi ni swali lipi linajibiwa na ipi, bila kuzichanganya katika aya moja kana kwamba zinathibitishana.

Akili na mwili

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa wanafunzi wa tiba wana miongozo yao. Cristine Legare na Susan Gelman walionyesha mwaka 2008, kwa utafiti wa Afrika Kusini, kwamba watu hukubali maelezo ya virusi na maelezo ya kurogwa kwa wakati mmoja, na kwamba watu wazima waliegemea kurogwa si chini ya watoto. Kwa hiyo hojaji yenye swali la "ndiyo au hapana, je, UKIMWI unaletwa na uchawi?" itakupa takwimu zisizo na maana, ruhusu majibu mawili. Huko Bagamoyo, utafiti kuhusu degedege uliochapishwa mwaka 1996 uligusa jambo la jirani na hilo: wazazi waliitenganisha degedege na homa ya malaria, na kwa kuitenganisha walichagua tiba nyingine kwanza. Kwa mtafiti wa afya, kipimo cha maana ni saa zilizopita kabla ya mtoto kufikishwa zahanati.

Kuna pia usiku wa jinamizi, mtu anapoamka akiwa hawezi kusogea na kuhisi kitu kizito kimemkalia kifuani. Saikolojia ya usingizi inaieleza hali hiyo vizuri. Lakini Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku vitandani, alipowatia hofu watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995, hadi majirani wakalala nje kwa makundi, hiyo haikuwa hali ya mtu mmoja kitandani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe, na uvumi ulifuata njia za siasa na ujirani. Saikolojia ibaki na kifua cha yule mtu, na uvumi wapewe wanahistoria na wanafasihi simulizi. Luise White amefanya hivyo kwa habari za mumiani na wazimamoto waliodaiwa kunyonya damu za watu enzi za ukoloni, na somo lake ni kwamba uvumi usiokuwa wa kweli unaweza kuwa chanzo cha kweli kuhusu kazi, hospitali na mamlaka jinsi watu walivyoziona.

Kwenda uwandani

Mtafiti wa nje anahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia ya nchi husika: COSTECH kwa Tanzania Bara, na NACOSTI kwa Kenya. Mwanafunzi wa chuo cha ndani Tanzania kwa kawaida hupewa barua na chuo chake. Kila kinachogusa afya kinahitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Barua hiyo itashuka kutoka mkoani hadi wilayani, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na mwisho kwa balozi wa nyumba kumi, na kila anayeisoma atajua umekuja kwa ajili ya nini. Kwa sababu hiyo kichwa cha utafiti kwenye barua kiwe cha kweli lakini kisicho na moto: migogoro ya ujirani, matunzo ya wazee, au njia za kutafuta tiba. Kuficha mada ni kosa la kimaadili. Kuitangaza kwa neno linaloweza kumfanya mtu atazamwe vibaya ni kosa kubwa zaidi.

Kumbuka kwamba sheria ya Tanzania inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ukimuuliza mzee, "Nani hapa ni mchawi?", unamwomba atende kosa, na jibu lake likivuja linaweza kumpeleka mtu kaburini. Anza na msiba wenyewe. Baada ya shikamoo, na baada ya kuuliza habari za mvua na za watoto kadiri inavyostahili, sema: "Bibi, nimesikia mlipata msiba mwaka juzi. Ulianzaje?" Kisha nyamaza. Fuata kwa maswali ya mpangilio: nani alikuwapo, mgonjwa alipelekwa wapi kwanza, nani alishauri kwenda kwa mganga, ramli ilisema nini, nani aliyeleta maneno hayo nyumbani. Mwisho wa mazungumzo hayo utakuwa na tuhuma nzima bila wewe kutamka neno uchawi hata mara moja. Ukiona msimuliaji anakaribia kutaja jina, mwambie kwa upole kwamba huhitaji jina, unahitaji uhusiano: ni shemeji, ni jirani, ni mke mwenza. Uhusiano huo ndio takwimu yako. Jina halikusaidii kitu.

Katika maandishi, mtu huyo aitwe mtuhumiwa mpaka ukurasa wa mwisho. Kubadili jina la kijiji pekee hakutoshi, kwa kuwa kata yenye mwanamke mjane mmoja aliyechomewa nyumba mwaka fulani inajulikana na kila dereva wa basi. Badilisha pia mwaka, umri au aina ya msiba pale ambapo hoja yako haitegemei jambo hilo, na ueleze katika sura ya mbinu kwamba umefanya hivyo. Orodha inayounganisha majina ya bandia na watu halisi ikae mbali na rekodi za mahojiano. Kabla ya kukabidhi tasnifu, mpe mtu anayelifahamu eneo hilo, na ambaye unamwamini, sura ya matokeo aisome, kisha umuulize kama amemtambua mtu yeyote. Akisema amemtambua hata mmoja, sura hiyo iandikwe upya.